Kiuno kinauma lini? Kutafuta chanzo cha maumivu ya mgongo wa chini

Siku tatu nne baada ya bamvua, benchi letu hujaa kina mama wa mwani. Huja wameshika kiuno kwa nyuma, vidole gumba vimebana juu ya nyonga, na wengi wana jawabu kabla sijauliza. "Mwanangu, kiuno kimekatika." Mwengine husema kimetoka. Mwengine ana hakika ni figo. Mwengine amekuja na eksirei ndani ya bahasha ya kaki, ya tangu mwaka juzi, na ameshaambiwa pingili zimesagika. Nawasikiliza wote, kisha naiweka bahasha pembeni na kuuliza: kinauma lini?

Kinauma ukiinama au ukisimama? Alfajiri au jioni? Ukijilaza kinatulia, au ndipo kinapoamka? Katika kazi yangu ya mazoezi tiba nimeona majibu ya maswali haya yakifungua njia ambayo picha haikuifungua. Katika kila watu kumi wenye maumivu ya mgongo wa chini, kiasi cha tisa hawana kilichovunjika, kuhama wala kuoza. Ni misuli, kano, viungo vidogo vya pingili na visahani vya gegedu vilivyoshtuka au kuchoka. Hao tisa karibu wote hupona bila kisu. Huyo mmoja aliyebaki ndiye tunayemtafuta, na mara nyingi hujulikana kwa namna maumivu yake yanavyokwenda na saa na mwendo wa mwili.

Basi tafuta hapa chini maelezo yanayofanana na yako uanzie hapo. Sehemu ya kwanza tu ndiyo nakuomba usiiruke, hata kama maumivu yako ni madogo.

Dalili zisizongoja asubuhi

Uti wenyewe, ile kamba ya fahamu iliyo ndani ya pingili, haufiki mwisho wa mgongo. Unakoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo mishipa ya fahamu inashuka kwa wingi kama nyuzi za makumbi, kila uzi na kazi yake: miguu, kibofu, haja kubwa, sehemu za siri. Ikibanwa yote kwa pamoja, dalili yake ya mapema wengi huona haya kuitaja. Unachamba, na huhisi maji yanapopita. Au mkojo umejaa na hautoki, au unatoka bila wewe kujua. Au choo kikubwa hakizuiliki. Au miguu yote miwili imelegea. Usingoje mganga, usingoje boti ya kesho kutwa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa Pemba ni Abdalla Mzee pale Mkoani au hospitali yoyote iliyo karibu nawe, nao watajua namna ya kukufikisha Mnazi Mmoja, kwenye upasuaji wa uti wa mgongo. Mishipa hii huhesabiwa kwa saa. Ikipita siku moja mbili imebanwa, inaweza isirudi tena kama ilivyokuwa, na mtu akabaki na mpira wa mkojo maisha yake yote.

Kisha kuanguka. Msimu wa karafuu ndio huo tunaoujua Pemba: mti mrefu, tawi limelowa umande, mkono mmoja kwenye kikonyo. Aliyeanguka mkarafuu au mnazi asinyanyuliwe kwa makwapa na miguu akatupwa nyuma ya pikapu. Mwacheni alale alipo, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, tafuteni ubao mpana au ng'oeni mlango, mgeuzeni watu wanne kwa pamoja kichwa, kiwiliwili na miguu vikiwa mstari mmoja, mumfunge juu yake na kanga. Hata akisema "mimi mzima", ukimgusa katikati ya mgongo juu ya mfupa akaruka, mchukulie kuwa amevunjika mpaka eksirei iseme vyengine. Nimeona mtu aliyeinuka akatembea hatua kumi baada ya kuanguka, na hatua ya kumi na moja hakuipiga. Bibi mwenye umri mkubwa hahitaji kuanguka kutoka juu. Kuteleza chooni kunatosha kubonyeza pingili, hasa kama ametumia kwa muda mrefu vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni, dawa ambazo hula mifupa.

Homa, kutoka jasho usiku, kukonda bila sababu, na mgongo unaouma polepole miezi miwili mitatu bila kujali umelala au umekaa: fikiria kifua kikuu cha mgongo. Hakihitaji kikohozi. Hupenda pale mgongo wa juu unapokutana na kiuno, na kikiachwa hula pingili mpaka kibyongo kikatokeza. Kinatibika kwa vidonge vinavyotolewa bila malipo, kwa miezi mingi. Anayekunywa maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa akapata homa inayokuja na kuondoka pamoja na kiuno amtajie daktari maziwa hayo, kwa sababu ipo bakteria ya mifugo iitwayo brusela inayopenda viungo vya nyonga.

Aliyewahi kutibiwa saratani, ya matiti au ya tezi dume hasa, akipata maumivu mapya ya mgongo yanayomwamsha usiku asiyafanyie mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Na mzee mvutaji sigara anayepatwa ghafla na maumivu makali ya tumbo na mgongo pamoja, jasho jembamba na kizunguzungu, huyo ni wa kukimbizwa. Huenda mshipa mkubwa wa damu tumboni unapasuka. Mtoto anayelalamika mgongo kwa wiki kadhaa naye aonwe. Watoto hawana desturi ya kuumwa kiuno.

"Niliinua ndoo, mara kikakaza"

Hili ndilo la watu wengi. Ulikuwa unateka maji, unainua gunia la mwani, au umepinda tu kuokota kanga sakafuni, kikasikika kama kitu kimenasa. Maumivu yako juu ya tako, upande mmoja au pande zote mbili, huenda yakafika tako au paja lakini hayapiti goti. Mwili umepinda upande kama mti uliopigwa na kusi. Huwezi kuvaa viatu.

Kilichotokea ni kidogo kuliko kinavyouma. Kano au misuli imevutwa, au kiungo kidogo cha pingili kimeshtuka, na misuli ya pembeni imekaza kukilinda, kama mlinzi aliyefunga milango yote ya nyumba kwa sababu amesikia kishindo uani. Kukaza huko ndiko kunakouma zaidi. Nakwambia hivi kwa sababu woga huongeza kukaza, na mtu anayeamini kiuno kimekatika huenda kama aliyebeba mayai, akawa mgumu zaidi siku ya pili.

Siku ya kwanza tafuta mkao unaokutuliza. Lala chali, vigimbi vikiwa juu ya kiti au godoro lililokunjwa. Au ubavu, na mto katikati ya magoti. Kitanda cha kamba kilicholegea kikaze au shuka chini kwenye mkeka na godoro jembamba. Lakini usilale mchana kutwa. Kila baada ya saa moja inuka utembee kutoka chumbani mpaka ukumbini urudi. Kuinuka kwenyewe kuna njia yake: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ukiwa chini, nenda kwa magoti na viganja, leta unyayo mmoja mbele, shika kiti, simama. Zamani madaktari walilaza watu wiki mbili, na bado wapo wazee wetu wanaowalaza watoto wao hivyo kwa mapenzi. Siku mbili za kitandani ndizo mwisho. Zaidi ya hapo misuli inapungua nguvu na maumivu yanarefuka.

Joto husaidia. Chupa ya maji moto iliyofungwa kanga, au chumvi iliyokaangwa ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Mwenye kisukari au ganzi ampe mwengine aguse kwanza, maana ngozi yake inaweza kuungua bila kumwambia. Mafuta ya makonyo ya karafuu ya Pemba ni makali. Usiyapake matupu, changanya matone machache kwenye mafuta ya nazi. Mchuaji mwenye mkono mwepesi nampenda na nawaambia wagonjwa waende. Nisiyempenda ni yule anayepanda juu ya mgongo kwa miguu, au anayemvuta mtu mpaka pingili zilie. Na mtu aliyeanguka, mwenye homa, au mguu uliokufa ganzi asichuliwe kabisa kabla ya kupimwa.

Dawa ya kwanza yenye maana ni ibuprofeni, miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, siku chache tu. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, moyo au presha inayosumbua, wala mjamzito, na mwenye pumu au mzee aulize kwanza. Parasetamoli ina nguvu ndogo kwa kiuno, lakini kwa hao waliokatazwa ndiyo inayobaki, na isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Sindano ya diklofenaki inayoombwa sana kwenye maduka ya dawa ni dawa ileile ya kidonge cha diklofenaki kwa njia nyengine, na ni jamii moja na ibuprofeni. Haiponyi kilichoumia, na ukichomwa asubuhi huku unameza ibuprofeni mchana, tumbo na figo vinapokea mzigo mara mbili.

Siku ya pili au ya tatu, jaribu hivi. Lala kifudifudi, jiegemeze kwenye viwiko dakika mbili tatu. Ukiona maumivu yanatoka kwenye paja au tako na kukusanyika katikati ya kiuno, hiyo ni habari njema hata kama pale katikati yanauma zaidi. Endelea, kisha panda kwa viganja, mikono inyooke na kiuno kilegee, mara kumi, kila baada ya saa mbili tatu. Yakikimbilia mguuni, acha mara moja. Watu wengine, hasa wanaoumia wakisimama sana, mkao huu hauwafai. Wao walale chali wavute goti moja kifuani, kisha la pili, kisha yote mawili. Mwili wako ndio utakaochagua, si mimi.

Ndani ya wiki mbili wengi wanakuwa wamerudi kwenye kazi nyepesi, na ikifika wiki ya sita walio wengi wamesahau. Kama wiki ya sita imefika na hakuna kilichobadilika hata kidogo, hapo sasa turudi kwa daktari.

"Yanashuka mpaka kwenye kidole gumba"

Hapa mgongo wenyewe unaweza usiume sana. Mguu ndio unaowaka. Maumivu yana njia yake kama njia ya maji ya mvua: tako, nyuma ya paja, kigimbi, kisha ama juu ya unyayo kuelekea kidole gumba, ama ukingo wa nje kuelekea kidole kidogo. Ni ya kuchoma au kama shoti ya umeme, pamoja na ganzi na sisimizi. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikamua chooni yanaruka. Safari ndefu ya daladala ni adhabu.

Kati ya pingili na pingili kuna kisahani chenye ukingo mgumu wa nyuzi na kiini laini kama nyama ya dafu changa. Ukingo ukipasuka, kiini kinatokeza na kugusa mshipa wa fahamu unaopita nyuma yake. Mara nyingi hutokea kwenye nafasi mbili za mwisho kabisa za kiuno, zinazobeba mzigo wote.

Neno mshipa huku kwetu limebeba mambo mengi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na "mshipa" wa wanaume, yaani ngiri na busha. Mwanamme akisema "nina mshipa unaonishuka mguuni" jirani humpa mizizi ya ngiri, akanywa miezi mitatu. Ngiri na busha huonekana au kupapasika kwenye kinena na korodani. Kama hakuna uvimbe huko, na maumivu yanapita nyuma ya paja kuvuka goti, hayo yanatoka mgongoni.

Unaweza kujipima. Lala chali, mtu akuinulie mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakipita chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, mshipa umeguswa. Halafu tembea hatua kumi kwa visigino, na kumi nyengine kwa ncha za vidole. Ukishindwa kuuinua unyayo, au kisigino hakinyanyuki upande mmoja, nguvu imeanza kupotea. Muone daktari ndani ya siku chache, na kama udhaifu unaongezeka kila siku, leo. Maumivu peke yake, hata makali, si sababu ya kukimbilia upasuaji, kwa kuwa mwili hula taratibu kile kilichotokeza, na wengi hupata nafuu kati ya wiki 6 na 12. Mpaka hapo: tembea masafa mafupi mara nyingi, punguza kukaa chini na kuinama asubuhi mapema, na fanya lile zoezi la kifudifudi kama linayarudisha maumivu juu.

"Mpaka Darajani nasimama mara tatu"

Mzee wa miaka 60 na kuendelea, miguu yote miwili inakuwa mizito na kufa ganzi akitembea au akisimama foleni. Akikaa kwenye baraza dakika tano, yote yanaondoka. Akiegemea rikwama au baiskeli anakwenda mbali. Kupanda mwinuko ni rahisi kwake kuliko kuteremka. Njia ya mishipa ya fahamu mgongoni imekuwa nyembamba kwa umri, na kuinama mbele kunaipanua kidogo. Huyu baiskeli inamfaa kuliko matembezi marefu, na zoezi lake ni magoti kifuani. Bakora si aibu. Kwa mwenye kisukari au mvutaji, angalia na damu pia: kama kigimbi kinatulia kwa kusimama tu bila kukaa, na nyayo ni baridi, tatizo huenda ni mishipa ya damu ya miguu.

Ugumu wa alfajiri

Ukiamka mgumu, ukatawadha, ukasali, na mpaka chai inaiva umeshalainika, hiyo ni kawaida ya viungo vilivyotumika. Lakini yupo kijana wa miaka 20 au 30 ambaye ugumu wake unazidi nusu saa, ulianza kidogokidogo bila kuinua kitu, una zaidi ya miezi mitatu, humwamsha usiku wa manane, leo tako la kulia kesho la kushoto. Na la ajabu: akipumzika anazidi, akifanya kazi anapungua. Kwake kila tunachojua kuhusu kiuno kimegeuka. Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vya nyonga na mgongo, na ukiachwa pingili huungana zikawa mti mmoja. Wakati mwengine jicho nalo huwa jekundu na kuuma mwanga. Vijana hawa naona wanaambiwa wavivu, au wamerogwa, miaka na miaka. Kijana, kama umejitambua katika mistari hii, mwambie daktari neno kwa neno: "nazidi nikipumzika". Ipo dawa, na mazoezi ya kila siku ni nusu yake.

Linalouma kiunoni na halitoki kiunoni

Figo hazikai pale watu wanapoonyesha. Ziko juu, chini ya mbavu za nyuma, pembeni. Maumivu yake hayabadiliki ukiinama au ukijinyoosha. Yakiwa na homa, kutetemeka na mkojo unaochoma, ni uambukizi unaotaka antibiotiki mapema. Yakija kwa mawimbi, yanashuka kwenye kinena, na mtu hawezi kutulia anajigaragaza, ni jiwe. Mwenye kiuno cha misuli hulala kimya asiguswe. Mwenye jiwe hazuiliki. Tofauti hiyo peke yake inatosha mara nyingi.

Kwetu Unguja na Pemba lazima niongeze kichocho. Cha kwetu ni kile cha mkojo. Aliyekulia kuogelea au kukosha nguo mtoni na kwenye mabwawa, akiona damu mwishoni mwa mkojo na kiuno cha juu upande mmoja kinauma, apime mkojo. Kikikaa miaka, huziba njia kati ya figo na kibofu, figo ikavimba. Prazikwanteli inaua minyoo hiyo, na bora itumike kabla figo haijavimba.

Kwa wanawake, kiuno kinachokuja na hedhi, au pamoja na uchafu wenye harufu na homa, au tumbo la chini lililojaa, kinatokana na kizazi. Mjamzito huumwa kiuno na nyonga kwa kuwa kano zinalegea na mzigo umesogea mbele. Mto kati ya magoti, kugeuka kitandani magoti yakiwa pamoja, na kutembea hatua fupi husaidia. Lakini maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37 huenda ni uchungu wa mapema. Mwenye selimundu naye anajua mgongo wake unavyouma wakati wa shambulio. Asilichukulie kuwa kiuno cha kawaida.

Imepita miezi mitatu

Maumivu yaliyovuka miezi mitatu si yaleyale ya siku ya kwanza yaliyoendelea. Kidonda mara nyingi kimeshapona. Kilichobaki ni king'ora kinachopiga kwa kitu kidogo. Usingizi mbovu, deni, huzuni, woga wa kuinama, vyote hukifanya kipige zaidi. Simwambii mtu kwamba maumivu yake yako kichwani. Ni ya kweli. Nasema tu kwamba hapa dawa yake haiko tena kwenye pingili pekee.

Ndipo bahasha ya kaki inaporudi. Eksirei haionyeshi visahani wala mishipa ya fahamu, na hata picha kubwa ya sumaku (MRI) huonyesha "kusagika" kwa watu wazima wasioumwa kitu. Visahani vilivyochakaa huonekana kwa kiasi cha asilimia 37 ya vijana wa miaka 20 wasio na maumivu, na asilimia 96 ya wazee wa miaka 80 kama hao. Ni mvi za ndani. Nimeona mama aliyeacha kubeba mjukuu wake kwa miaka miwili kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye ripoti.

Watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa maumivu hayo yakiwa ya muda mrefu. Linapendekeza mazoezi, elimu, kuchuliwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa za uvimbe kama ibuprofeni kwa tahadhari. Halipendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni. Najua mkanda unauzwa na unatia moyo. Uvae siku mbili za mwanzo ukitaka, lakini ukiuvaa miezi unaifanya misuli yako kuwa mgeni ndani ya mwili wake.

Zoezi lililo bora ni lile utakalolifanya. Lala chali, magoti juu, inua makalio mpaka mapaja yanyooke, hesabu kumi, mara kumi. Kaa kwa magoti na viganja, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badilisha. Na tembea. Utafiti wa Australia uliotolewa 2024 uliwafuata watu 701 waliokuwa wamepona: waliopangiwa kutembea taratibu mpaka kufika dakika 30, siku tano kwa wiki, walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, na wasiopangiwa siku 112. Ufukwe wakati wa maji kupwa ni bure.

Kazi ibadilike, usiiache

Mwani hufungwa kwenye kamba. Kufunga kote kunakoweza kufanyika kivulini juu ya meza kusifanyike ndani ya maji kwa kuinama. Huko majini, kila ukimaliza kamba moja simama, viganja kwenye nyonga, jipinde nyuma mara tano. Gunia lijazwe nusu, liachwe lichuruzike kabla ya kunyanyuliwa, au livutwe juu ya maji mpaka pwani. Safari mbili za gunia nusu zinachosha miguu. Safari moja ya gunia zima inavunja kiuno.

Kuchambua karafuu usiku, umekaa mkekani na miguu imenyooka mbele, ni mkao mgumu kwa visahani kuliko wengi wanavyodhani. Kaa kwenye kibao, mgongo kwenye ukuta, sinia liwe juu ya sanduku, na kila nusu saa inuka hata kama ni kwenda kutizama chungu. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ipandishwe juu ya benchi. Hamali ambaye ana rikwama asijikaze kubeba mgongoni kwa kutaka kumaliza haraka. Mzigo ukae karibu na kifua, magoti yapinde, na kugeuka kuwe kwa miguu.

Sala wengi huuliza kwa sauti ya chini. Mgonjwa ameruhusiwa kukaa, na kiti hakipunguzi kitu. Ila kiti kisiwe cha maisha kama mwili umeanza kupona. Rudi kwa hatua: kwanza simama na rukuu ya nusu, viganja juu ya magoti, wiki inayofuata sujudu moja, mkono mmoja ukiwa kwenye kiti ulichokiweka pembeni, kisha bila kiti, ukiinuka kwa kuleta unyayo mmoja mbele kwanza. Kikivuta kidogo, endelea. Kikishuka mguuni, rudi kwenye kiti siku tatu, uanze tena.